Nachukua Mshono, Amri Naiacha

Gauni la zamani silitazami kwa nje kwanza. Naligeuza ndani nje, nalitandaza mezani, kisha napitisha vidole kwenye mishono. Upande wa nje una ujanja mwingi: rangi ya kuvutia, vifungo vinavyong'aa, kola iliyokaa sawasawa. Ndani hakuna ujanja. Huko ndiko naona kama aliyeshona aliacha kitambaa cha ziada, kama pindo lilipigwa kwa mkono, kama zipu ni ya chuma au ya plastiki, na kama kuna mtu aliyewahi kulipunguza akalirudisha. Nikimaliza ukaguzi huo ndipo najiuliza kama nalipenda.

Tabia hii nilirithishwa na mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa akinirekebishia nguo nilipoanza kazi ya ofisini. Siku hizo sikuwa na habari na mitindo ya kale. Nilitaka tu nguo za kazini zisizochuja wala kulegea baada ya kufuliwa mara chache, na mpya nilizoweza kuzimudu zilikuwa zikichuja na kulegea. Basi nikampelekea gauni moja la mitumba: sufu nyepesi, kijani iliyokolea, mikono mirefu, mkanda wa kitambaa hichohicho. Lilinikaa vizuri mabegani, likanibana nyonga. Mzee akaligeuza, akalisogeza karibu na miwani, akacheka peke yake.

"Binti, aliyeshona hili alijua kwamba binadamu hunenepa."

Pembeni mwa kila mshono kulikuwa na karibu inchi nzima ya kitambaa kilichofichwa. Akaufumua ubavu, akautoa, akaupiga upya. Gauni likanikaa kana kwamba nilipimiwa. Halafu akaniomba nigeuze pindo la sketi niliyokuwa nimevaa, sketi mpya kabisa, anionyeshe kitu. Ziada yake ilikuwa nyembamba kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. "Hii," akasema, "siku utakayonenepa mtaagana."

Nikawa mwanafunzi wake bila kuandikishwa popote. Kila nilipompelekea kitu alinisomesha. Alianza na zipu, kwa sababu zipu ndiyo ya kwanza kutoa siri ya umri. Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyefanyia kazi yake Marekani, aliifikisha zipu kwenye umbo tunalolifahamu mwaka 1913 na kupata hataza yake mwaka 1917, lakini kwenye magauni ya wanawake ilikuja kuzoeleka miaka ya 1930. Magauni mengi ya miaka ya 1940 yana zipu ya chuma ubavuni, chini ya kwapa la kushoto. Baadaye ikahamia mgongoni, na miaka ya 1960 nailoni ikaanza kuchukua nafasi ya chuma. Kisha kuna kingo za ndani: zikiwa zimekatwa kwa mkasi wa meno badala ya kupigwa ovaloki, huenda nguo ni ya katikati ya karne iliyopita, au ni kazi ya mtu aliyejishonea nyumbani. Na lebo ya maelekezo ya kufua? Marekani ilivilazimisha viwanda kuiweka kuanzia mwaka 1972, kwa hiyo nguo ya kiwanda cha huko isiyo na lebo hiyo, na isiyo na dalili kwamba ilikatwa, yaelekea ni ya kabla ya hapo.

Hakuna ishara inayotosha peke yake. Zipu hubadilishwa, lebo hukatwa. Ninazikusanya, na zikikubaliana ndipo naamini. Hii inasaidia kwa sababu wauzaji wengi huliita kila gauni lenye madoa ya duara "la miaka ya hamsini". Nimeshika la poliesta tupu, zipu ya plastiki, lebo yenye alama zote za kufulia, na muuzaji bado anaapa kwamba lilivaliwa na nyanya ya mtu. Silazimiki kubishana naye. Kama gauni ni zuri na bei yake ni ya gauni la juzi, nalinunua nikijua kwamba ni la juzi.

Kinacholiza watu ni namba ya saizi. Rafiki yangu mmoja tuliyekuwa tukichagua naye nguo alichukua gauni lenye namba 14, namba anayoivaa siku zote, likamgomea mbavuni. Akalirudisha, uso umemshuka, akasema itabidi apunguze mwili. Ilinichukua muda kumshawishi kwamba mwili wake hauna kosa lolote hapo.

Namba hizo zina historia ya ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Marekani iligharimia upimaji wa wanawake karibu 15,000 ili viwanda vipate msingi wa saizi za nguo zilizo tayari. Vipimo vya wanawake wasio wazungu havikutumika katika hesabu ya mwisho. Kutokana na kazi hiyo kukatoka viwango rasmi mwaka 1958. Baadaye viwanda vikaviacha polepole, kila kimoja kikapanua nguo zake na kushusha namba ili mteja ajisikie mwembamba, na viwango vyenyewe vikaondolewa mwaka 1983. Ndiyo maana 14 ya zamani ni ndogo kuliko 14 ya leo, tena si kwa tofauti ndogo. Nilipojua hayo nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo sikuitarajia. Namba ile haikunihesabu mimi tangu mwanzo. Sasa kwa nini nikubali inihukumu?

Nachukua utepe wa kupimia. Nailaza nguo ikiwa imefungwa vifungo na zipu, napima kutoka kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga, nazidisha kwa mbili, nalinganisha na gauni langu ninalolipenda, wala silinganishi na mwili mtupu, maana mwili mtupu haupumui ndani ya kitambaa wala hauketi. Kiuno na nyonga vinarekebishika. Pindo ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Mabega na tundu la mkono ni hadithi nyingine: kuvibadilisha ni kama kushona gauni jipya, na mara nyingi fundi mwenye busara atakataa. Kwa hiyo naanza na mabega. Yakikubali, mengine tutazungumza na cherehani.

Kilichonivuta kabisa, kuliko hata ubora wa mishono, ni kugundua kwamba umbo la nguo lina sababu. Nina magauni mawili ninayopenda kuyatundika pamoja wageni wanaponiuliza maswali. Moja lina mabega yaliyosimama, kiuno kilichobanwa kidogo, sketi nyembamba inayoishia chini kidogo ya goti, vifungo vichache. La pili limekatwa kwa mtindo ulioanza miaka michache tu baada ya hilo: mabega laini, kiuno chembamba mno, sketi pana inayokula kitambaa bila huruma.

Kilichoyatofautisha ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi tarehe 1 Juni 1941. Kila mtu mzima alipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na gauni moja la sufu lilimeza 11. Serikali ikaweka masharti hata juu ya idadi ya vifungo na marinda, ikaruhusu nguo za bei nafuu zenye alama ya serikali ya CC41, na mwaka 1943 ikasambaza kijitabu cha kuwafundisha watu kutia viraka na kugeuza nguo kuukuu kuwa mpya. Marekani nayo iliweka mipaka yake mwaka 1942. Nailoni iliyokuwa imeanza kuuzwa kama soksi ndefu za wanawake mwaka 1940 ilielekezwa kwenye parachuti za askari, na wanawake wakajichora mstari nyuma ya mguu kwa penseli ya nyusi ili ionekane wamevaa soksi zenye mshono. Wakati wote huo walijipaka rangi nyekundu ya midomo, kwa sababu kitambaa kilikuwa adimu lakini uso haukuhitaji kuponi.

Ndipo tarehe 12 Februari 1947, jijini Paris, mbunifu wa mavazi Christian Dior akaonyesha sketi zilizotumia mita kadhaa za kitambaa. Wapo waliolia kwa furaha na wapo walioandamana kwa hasira. Mgao wa nguo Uingereza ulikuwa bado haujaisha, na haukuisha mpaka Machi 1949. Mimi ninawaelewa wote. Ukitoka miaka mingi ya kuhesabu vifungo, mita kadhaa za kitambaa kiunoni ni sherehe. Na kama bado unavihesabu, ni matusi.

Kujua hivyo kumenisaidia kuchagua. Gauni la kwanza ni la mtu anayefanya kazi. Linapanda basi, linapanda ngazi, linaketi kwenye kiti cha ofisi masaa yote, halivutwi na mlango. Zaidi ya nusu ya nguo zangu za kazini zinafuata umbo hilo, hata zile nilizoshonesha upya. La pili ni la Jumamosi. Sketi ile ikiingia ndani ya basi lililojaa inachukua nafasi ya abiria wawili, na nimetazamwa vibaya kwa haki.

Lakini kuna jambo ambalo picha za zamani hazilisemi. Umbo lile la kiuno cha nyigu halikuwa la mwili wa mtu, lilikuwa la kilichovaliwa chini: mkanda wa kubana tumbo, sidiria zenye ncha, gaguro la tabaka nyingi, wakati mwingine mifupa ya chuma iliyoshonewa ndani ya gauni lenyewe. Toa hivyo vyote na gauni lilelile linaning'inia. Wengi hulivaa hivyo, wakajiona kwenye kioo, wakadhani kasoro ni yao. Hapo ndipo nilipojiwekea msimamo ambao sijauacha: nachukua mshono, amri naiacha. Kiuno cha gauni kitapanuliwa mpaka nipumue nikiwa nimeshiba. Gaguro nalivaa la pamba, jepesi, tabaka moja, siku ninayotaka sketi isimame, na siku nyingine sketi inalala na dunia haiharibiki.

Naupenda zaidi ukataji wa mshazari. Madeleine Vionnet, mbunifu wa mavazi Mfaransa, ndiye anayetajwa kwa kuufikisha mbali miaka ya 1920 na 1930. Badala ya kukata kitambaa kwa kufuata uzi wima, unakikata kwa pembe, na kitambaa kisichovutika kinaanza kuvutika. Gauni linafuata mwili bila kuubana, bila mpira, bila chuma. Mzee wangu alikuwa akiuogopa kidogo ("huo ukataji unakula kitambaa na unataka subira," alikuwa akisema) lakini alinishonea sketi moja ya namna hiyo, nami nimeivaa mikutanoni, harusini na siku za homa. Nguo hizi hazitundikwi. Ukizitundika kwenye henga kwa miezi, uzito wake wenyewe unazivuta na pindo linapinda. Zinakunjwa kwa ulegevu na kulazwa kwenye droo.

Maadamu nimefika kwenye utunzaji, niseme machache na kupita. Rayoni ya zamani hudhoofika ikiwa na maji, kwa hiyo siikamui wala kuinyanyua ikiwa imelowa bila kuishika chini. Kitambaa cha asetati huyeyuka kikiguswa na asetoni, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha, kwa hiyo kucha zangu nazishughulikia kabla ya kuvaa. Kuna hariri za mwanzoni mwa karne iliyopita zilizotiwa chumvi za madini ili ziwe nzito. Hizo huchanika zenyewe kwenye mikunjo, na hakuna fundi wa kuziokoa. Wanaokula sufu ni viwavi wa nondo, wala si nondo wenyewe, nao hupenda zaidi penye jasho na uchafu. Manukato hayapulizwi kwenye kitambaa. Basi.

Uso ulinichukua muda mrefu kuliko nguo, kwa sababu uso una rangi.

Nilipokuwa nikitafuta namna ya kujipamba kwa mtindo wa kale nilikutana na picha zilezile kila mahali: ngozi nyeupe kama karatasi, midomo myekundu, wanja uliopanda juu kwenye kona ya jicho. Maelekezo yake yalikuwa yakianza na poda ambayo ningeonekana nimetumbukia kwenye unga. Ukichimba kidogo unakuta kwamba tatizo si geni. Eunice Johnson alikuwa akiongoza Ebony Fashion Fair, maonyesho ya mavazi yaliyozunguka miji ya Marekani kuanzia mwaka 1958 yakiwa na wanamitindo weusi, na wanamitindo hao walilazimika kuchanganya vipodozi wao wenyewe ili wapate rangi ya ngozi zao. Kampuni kubwa zilipokataa kuwatengenezea, familia ya Johnson ikaanzisha vipodozi vyao, Fashion Fair, mwaka 1973. Fikiria miaka yote kabla ya hapo. Wanawake weusi wa miaka ya 1940 na 1950 walipendeza, picha zipo, lakini walipendeza kwa kuchanganya, kukisia na kubuni.

Kwa hiyo sifuati maelekezo ya magazeti ya enzi zile, naifuata akili ya wale waliochanganya. Ngozi naiacha na mng'ao wake, napaka poda kidogo puani na kwenye paji la uso tu. Nyekundu ya midomo naijaribu mchana kwenye mwanga wa dirishani, kamwe si chini ya taa za dukani. Nyekundu inayoelekea kwenye zambarau au kwenye rangi ya matofali hunikaa; ile inayoelekea kwenye machungwa hugeuka kijivu pembeni mwa midomo yangu. Nachora ukingo kwanza kwa penseli ya kahawia iliyokolea, najaza, nabana tishu kwa midomo, napaka tena. Safu mbili nyembamba hudumu kuliko moja nene.

Nyusi nyembamba kama uzi, za miaka ya 1920 na 1930, nilizikataa bila kikao. Nywele za nyusi zikinyofolewa mara kwa mara huweza zisirudi, na mtindo ukipita unabaki na paji la uso linaloshangaa maisha yote. Wanja wa kona ya jicho naupenda, ila kope zangu zina mkunjo unaoumeza nikitazama mbele, hivyo nauchora nikiwa nimefumbua macho na kutazama kioo moja kwa moja, mfupi, mnene. Vipodozi vya kale vyenyewe, vile vya kopo zuri la bati, nanunua kopo tu. Kilichomo hakigusi uso wangu. Kuna wakati Ufaransa waliuza krimu ya uso yenye radiamu, na watu wakaipaka kwa imani.

Nywele zangu ni za kipilipili na kwa mtindo wa kale hilo limekuwa baraka. Mawimbi na mizunguko ya zamani yote yanategemea kanuni moja: maji hulegeza vifungo vya haidrojeni ndani ya unywele, na unywele ukikauka ukiwa umezungushwa unashika umbo hilo mpaka unyevu uje tena. Nywele zilizonyooka na laini zilihitaji dawa ya kushika na pini kwa makumi. Zangu nikizinyoosha kwa kuzisuka jioni, nikazizungushia rola zikiwa na unyevu kidogo, zinashika bila kubembelezwa. Shida ni usiku. Kulala na rola kunataka shingo ya mtawa. Natumia zile laini za sponji, nafunga skafu ya satini juu, na asubuhi sichani kwa kitana, natenganisha kwa vidole vilivyopakwa mafuta kidogo.

Mvua ikinyesha, kazi yote inarudi mwanzo. Siku hizo kuna kitambaa cha kichwa, na sioni aibu hata kidogo, kwa sababu kitambaa nacho kina heshima yake ya kale: wanawake wa viwandani wakati wa vita walifunga nywele ili zisinaswe na mashine. Veronica Lake, mwigizaji aliyejulikana kwa nywele zilizofunika jicho moja, alibadilisha mtindo wake mwaka 1943 hadharani ili kuwahimiza wafanyakazi wafanye vivyo hivyo. Urembo wa kuficha nywele ulizaliwa na mashine, na umebaki mzuri.

Watu husema nini? Husema "umevaa kama bibi", na anayesema hudhani ni utani mpya. Wengine huuliza kama nina shughuli. Mwanzoni mwa kazi yangu, msimamizi mmoja aliwahi kunivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama kuna sherehe ya mavazi ambayo yeye hakuambiwa. Niligundua kwamba maswali hayo huja siku ninapovaa kila kitu cha enzi moja: gauni, viatu, kofia, glavu, nywele, midomo. Watu wanaona mchezo wa kuigiza na wanatafuta jukwaa. Nikivaa blauzi ya kale na suruali ya leo, au gauni la zamani na viatu vya raba safi, hakuna anayeuliza enzi. Wanasema umependeza, wanaendelea na kazi zao. Mwenzangu mmoja wa kiume ana bahati kuliko sisi: koti la sufu la mwanamume halijabadilika sana kwa miongo, anavaa la zamani kila wiki na hakuna anayemuuliza chochote.

Wapo wenzangu wanaopenda kuvaa enzi nzima kuanzia kichwani hadi kisigino, na wengine wanavaa hivyo kila siku. Nawastaajabia, nawapigia picha. Ila sikubali wanaposema kwamba zamani watu wote walivaa vizuri. Tunachokiona kwenye henga ni kile kilichopona. Gauni la sherehe lililovaliwa mara mbili na kufungiwa sandukuni limetufikia. La kila siku lilivaliwa mpaka likachoka, likakatwa likawa la mtoto, kisha likawa kitambaa cha kufutia meza. Nadhani hata hiyo ndiyo sababu mojawapo nguo nyingi za kale zilizobaki ni ndogo: kubwa zilikuwa na kitambaa cha kutosha kushonewa kitu kingine.

Tena aliyeshona mara nyingi hatajwi. Mwaka 1953 Jacqueline Bouvier aliolewa na John F. Kennedy, na gauni lake la harusi ni miongoni mwa yanayotazamwa sana hadi leo. Lilibuniwa na Ann Lowe, mbunifu mweusi mzaliwa wa Alabama. Siku chache kabla ya harusi maji yaliingia kwenye karakana yake na kuliharibu pamoja na magauni ya wasimamizi. Yeye na wasaidizi wake wakayashona upya usiku na mchana, kwa hasara yake mwenyewe, na jina lake halikutangazwa sana wakati ule. Nikisikia mtu akitamani "umaridadi wa miaka ya hamsini" namkumbuka yeye akiwa ameinama juu ya marinda yale. Ule umaridadi naupenda. Kurudi huko, hapana.

Siku hizi wauzaji wengi huanza kuiita nguo "ya kale" ikitimiza miaka 20, jambo linalomaanisha kwamba nguo nilizovaa nikiwa msichana sasa ziko kwenye henga za heshima. Sikujiandaa. Mpwa wangu alikuja mwezi uliopita akaniomba suruali za jinsi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile ambazo kiuno chake kinakaa chini nyongani, zenye zipu fupi kama kidole. Nilikuwa nimezihifadhi chini kabisa ya sanduku, nadhani kwa ajili ya kitambaa chake.

"Hizi zilitutesa, mwanangu," nikamwambia. "Tulikuwa hatuwezi kuinama. Ukikaa unavuta shati nyuma, ukisimama unavuta suruali."

"Kwa nini mlikuwa mnavaa shati fupi, shangazi?"

"Ndivyo zilivyokuwa zikivaliwa."

Akazijaribu, akageukageuka mbele ya kioo. Kitambaa kilikuwa kizuri kweli, pamba nzito isiyo na mpira, na miguu ilimkaa. Akachomoa kabatini shati langu refu la kitani, akalivaa juu, likamfika mapajani. Zile inchi za tumbo tulizokuwa tukizigombania zikapotea kabisa.

"Mimi nitavaa hivi," akasema.

Nikamtafutia mkanda.